Jazi ya Magharibi: Gitaa la Solo na Kiswahili katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Mwaka 1966 mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita, uliokuwa umechimbwa tangu miaka ya 1930, ulifungwa. Mwaka 2000 mgodi mpya ulifunguliwa katika vilima vilevile, na mwaka uliofuata ukafunguliwa mwingine huko Bulyanhulu, wilayani Kahama. Kati ya kufungwa kule na kufunguliwa huku ilipita miaka 34, na ndani yake imo karibu enzi nzima ya ustawi wa bendi za muziki wa dansi nchini Tanzania. Mgodi ulipokuwa unazimwa, gitaa la umeme lilikuwa linapanda chati katika kila mji wenye ukumbi. Mgodi ulipowashwa tena, vijana walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye muziki wa kizazi kipya, na gitaa lilikuwa linarudi kwenye sanduku lake.

Mhadhara huu unahusu gitaa hilo, na hasa gitaa la solo la bendi zilizojiita jazi, kama lilivyosikika katika nchi iliyo kati ya Tabora na Ziwa Viktoria. Swali linaloulizwa ni la wanafunzi wa Kiswahili kabla ya kuwa la wanamuziki. Kwa miongo mingi nyimbo za dansi zimechunguzwa vyuoni kama mashairi: maneno yananukuliwa kutoka kwenye kanda, yanapangwa kwa beti, yanachambuliwa kwa maudhui na fani. Gitaa huachwa nje ya karatasi, au hupewa sentensi moja ya sifa. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba katika wimbo wa jazi gitaa la solo lilikuwa msemaji kamili katika mazungumzo yaliyoendeshwa kwa Kiswahili, na kwamba anayechapisha maneno peke yake amechapisha upande mmoja wa mazungumzo hayo.

2.0 Jina la Jazi

Ni vyema kuanza na jina lenyewe, kwa sababu limewapotosha wengi. Huko Marekani jazi ni muziki wenye asili na kanuni zake. Katika Kiswahili cha Tanganyika neno hilo liliingia pamoja na santuri na dansi za mijini, likapata maana nyingine: jazi ni kundi la wanamuziki wenye ala za kisasa, linalopiga muziki wa kuchezwa wawili wawili ukumbini. Ndiyo maana kuna Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na baadaye NUTA Jazz, bendi ambazo muziki wao ulikuwa na rumba ya Kuba na ya Kongo, chacha, twisti na ngoma za nyumbani kuliko ulivyokuwa na jazi ya New Orleans. Lugha ilikopa neno, ikalipa kazi mpya, kama ilivyozoea kufanya.

Hata hivyo, ulinganifu na muziki wa ng'ambo haukosi maana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanamuziki wa Marekani walianza kuliweka gitaa la umeme la roki katikati ya ala za kupuliza za jazi. Bendi ya Chicago ilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1969, gitaa la Terry Kath likijibizana na tarumbeta, tromboni na saksafoni. Miles Davis alitoa Bitches Brew mwaka 1970, John McLaughlin akipiga gitaa. Wakati huohuo bendi za Tanzania zilikuwa na magitaa matatu au manne mbele ya saksafoni na tarumbeta, zimefika hapo kwa njia yao wenyewe. Njia hizo mbili zilikutana dhahiri mwishoni mwa miaka ya 1970, jina la Afro 70 ya Patrick Balisidya lilipotoka kwenye santuri moja na lile la Archimedes Badkar, kundi la Sweden lililochanganya jazi na roki. Santuri hiyo iliitwa Bado Kidogo. Hata Waswidi walikubali kuuza kazi yao kwa jina la Kiswahili.

Miongoni mwa bendi hizo, Western Jazz ina nafasi ya pekee kwa mada hii. Ilianzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina lake lilitokana na Jimbo la Magharibi la enzi ya ukoloni. Jimbo hilo lilikuwa na Tabora, Nzega na pia Kahama, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Shinyanga na ni moyo wa uchimbaji wa dhahabu. Kwa hiyo bendi iliyopendwa katika kumbi za pwani ilibeba mgongoni jina la bara. Mtindo wake uliitwa Saboso, na kwa upande wa gitaa la solo, majina ya Rashid Hanzuruni na Wema Abdallah bado yanatajwa na wazee wa dansi kwa heshima ambayo mashabiki wa mpira huwapa wafungaji wa zamani.

3.0 Njia ya Reli na Njia ya Madini

Gitaa lilifikaje bara? Jibu la kwanza ni reli. Njia ya reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kupitia Shinyanga hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Tangu hapo Tabora ikawa njia panda. Mtu, gazeti, santuri na ala ya muziki vikitoka pwani kwenda ziwani vilipita hapo. Si ajabu basi kwamba mji huo mmoja ulilea bendi tatu mashuhuri, yaani Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Kiko Kids, iliyoongozwa na Salim Zahoro, ilikuwa miongoni mwa bendi za mwanzo za bara kurekodi.

Jibu la pili ni madini. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi huko Mwadui, karibu na Shinyanga, na mji wa kampuni ukaota katikati ya nchi ya wafugaji na wakulima wa pamba. Geita nayo ilikuwa na mgodi wake. Migodi hiyo miwili iliwakusanya Wasukuma, Wanyamwezi, Wasumbwa, Wazinza, Waha na watu wa kutoka mbali zaidi, na mahali pa namna hiyo lugha ya kambini huwa Kiswahili. Ujira wa mwisho wa mwezi, pamoja na fedha za pamba zilizopitia vyama vya ushirika chini ya shirikisho lililoundwa mwaka 1955 kwa uongozi wa Paul Bomani, uliwapa watu uwezo wa kununua redio, santuri na tiketi ya dansi.

Uhusiano wa mgodi, Kiswahili na gitaa haukuanzia Tanganyika. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa shaba wa Katanga ambao leo huitwa Likasi. Bosco alipiga gitaa kavu kwa vidole na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga, na wimbo wake Masanga ulisikika hadi Nairobi na mbali zaidi. Katika ukanda wa shaba, kama katika ukanda wa almasi na dhahabu, mtu aliyeacha kijiji chake na lugha yake alikutana na wenzake katika Kiswahili, na gitaa likawa rafiki wa lugha hiyo ya ugenini. Tabora ilikuwa katikati ya dunia hizo mbili: ilisikia pwani kwa sikio moja na Kongo kwa sikio la pili, kupitia Kigoma. Shem Karenga, aliyeitungia Tabora Jazz wimbo wa Dada Asha, alikuwa mtu wa Kigoma. Karenga alifariki mwaka 2014.

Jibu la tatu ni redio. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na kuanzia mwaka 1965 ulijulikana kama Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa mchimbaji wa Mwadui ambaye hajawahi kuiona bahari, gitaa la Western Jazz lilifika kwa mawimbi hayo, likitanguliwa na sauti ya mtangazaji katika Kiswahili sanifu. Somo la lugha na somo la sikio vilitolewa kwa pamoja.

4.0 Ushindani kama Shule

Wageni waliosikia bendi zikitambiana walidhani kwamba huo ni mtindo wa mjini. Katika Usukuma jambo hilo lilikuwa la kale. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inasimuliwa kuwa ni waganga wawili, Ngika na Gumha, vilishindana kila mwaka baada ya mavuno. Kila chama kilikuwa na malenga wake, dawa zake na mbinu zake za kuvuta umati. Aliyekuwa na watu wengi zaidi upande wake ndiye aliyeshinda. Hali kadhalika, ngoma ya beni iliyoenea kutoka pwani kuanzia miaka ya 1890 ilikuwa na mashindano ya Marini na Arinoti, na iliingia bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Bendi za jazi zilirithi shule hizo mbili. Morogoro Jazz na Cuban Marimba ziliugawa mji wa Morogoro; Tabora ikagawanyika kwa bendi zake tatu; baadaye Dar es Salaam ikawa na Msondo na Sikinde. Kila bendi ilitakiwa kuwa na mtindo wenye jina lake: Saboso kwa Western Jazz, Segere Matata kwa Tabora Jazz. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini katika ukumbi wa mashindano hata mcheza ugenini alitunzwa, mradi gitaa lake liseme jambo ambalo la mwenzake halikusema. Msikilizaji wa Shinyanga, aliyelelewa kuhukumu kati ya Bagika na Bagalu, hakuhitaji kufundishwa namna ya kuhukumu kati ya mpiga solo na mpiga solo. Alikuwa hakimu mzoefu tayari.

5.0 Gitaa Linavyosema

Sasa yafaa kueleza kazi yenyewe. Katika bendi ya jazi iliyokamilika kulikuwa na gitaa la solo, gitaa la kati lililoitwa seko solo, gitaa la ridhim na besi. Ridhim ilitandika mkeka: mkung'uto uleule, bila kuchoka, ili mchezaji ajue mguu uende wapi. Besi ilijaza nafasi ya chini, ikikaa kimya mahali ambapo mpiga ngoma alitaka kusema. Seko solo ilijibizana na ridhim kwa vipande vifupi, au iliambatana na solo kwa nota ya tatu au ya sita. Juu ya yote hayo gitaa la solo lilitembea kama mtu aliyevaa vizuri anayejua kwamba anatazamwa.

Wimbo kwa kawaida ulikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, ya polepole, mwimbaji alitoa kisa chake: mapenzi, umaskini, safari, ushauri kwa vijana. Mwishoni mwa kila mstari aliacha nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa mali ya solo. Mara nyingi gitaa lilirudia umbo la sauti iliyotangulia, kisha likaligeuza kidogo, kama rafiki anayesikiliza habari za msiba na kujibu, “Hivyo kweli?” Katika sehemu ya pili, iliyoitwa chemko, mambo yaligeuka. Mwendo uliongezeka, waimbaji wakabaki na kibwagizo kifupi, na gitaa likawa ndilo msimuliaji. Aliyesikiliza kisa kwa masikio sasa alikimalizia kwa miguu.

Ni hapa ambapo mwanaisimu ana la kuchangia. Kiswahili, tofauti na Kisukuma na lugha nyingine nyingi za Kibantu, si lugha ya toni. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama barabara kwa maana ya sawasawa. Kisukuma, kwa upande wake, kina toni, na toni ya juu ina tabia ya kusogea mbele ya silabi inayoimiliki. Mtunzi anayeimba kwa Kisukuma hana budi kupatana na toni za maneno yake anapochagua njia ya sauti. Anayeimba kwa Kiswahili anadaiwa mkazo tu. Kupanda na kushuka kwa sauti ni hiari yake.

Inapendekezwa hapa kwamba uhuru huo ulikuwa neema kwa gitaa. Mstari wa Kiswahili karibu kila mara huishia kwa silabi nzito ikifuatwa na nyepesi. Chukua jina la wimbo maarufu wa Mbaraka Mwinshehe, Shida: uzito uko mbele, kisha sauti inaachiwa. Msikilizaji akifuatilia kwa makini miishio ya vipande vya solo katika kanda za wakati huo, atasikia mara kwa mara umbo hilohilo, nota iliyoshikiliwa ikifuatwa na fupi inayoangushwa. Gitaa limejifunza kumaliza sentensi kama Mswahili anavyoimaliza. Na kwa kuwa maneno hayana toni ya kulindwa, mpiga solo aliweza kuurudia mstari wa mwimbaji kwa njia kumi bila msikilizaji kuupoteza. Kijana wa Kahama ambaye nyumbani alisema Kisumbwa au Kinyamwezi alikuwa akifundishwa lafudhi ya Kiswahili na ala isiyo na ulimi.

Mbaraka Mwinshehe ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1944, akajiunga na Morogoro Jazz mwaka 1965, akaenda Japani na bendi hiyo kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Aliimba na kupiga solo mwenyewe, hivyo muulizaji na mjibuji walikuwa mtu mmoja. Katika nyimbo zake inasikika dhahiri kwamba gitaa halikupachikwa baada ya maneno kukamilika. Mara nyingine mwimbaji anaonekana kukatisha maelezo kwa sababu anajua kwamba vidole vyake vitayasema vizuri zaidi.

6.0 Nani Alimiliki Gitaa

Sifa hizi zisifiche hali ya kazi. Kuanzia NUTA Jazz mwaka 1964, bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi, polisi, jeshi la kujenga taifa, umoja wa vijana, kiwanda cha nguo. Mpangilio huo ulimpa mwanamuziki mshahara na ala katika nchi ambayo gitaa la umeme lilikuwa ghali na adimu. Lakini gitaa lilikuwa la mwajiri. Mpiga solo aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Chombo kilibaki kwa atakayekuja. Studio nayo ilikuwa karibu moja, ile ya redio ya taifa, ambamo bendi nzima ilipiga kwa pamoja hadi mwisho. Santuri zilitengenezwa Nairobi, na mapato ya mauzo hayakumfikia mpigaji kwa urahisi.

Matokeo yake ni kwamba urithi wa gitaa hili haupo kwenye karatasi. Wapigaji wengi hawakuandika nota. Walifundishana kwa kutazamana mikono. Kilichobaki ni kanda za redio ya taifa, ambazo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, santuri zilizotawanyika majumbani, na kumbukumbu za watu wanaozidi kupungua. Balisidya alifariki mwaka 2004, Muhidin Gurumo wa NUTA mwaka 2014.

Kwa upande wa maneno, kazi kubwa imefanyika. Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300 pamoja na maelezo yake, na mwaka 2018 akatoa kitabu kuhusu Gurumo na Hassan Bitchuka. Nyimbo za jembe za Usukuma sasa zinaweza kusomwa na mwanafunzi aliyeko mbali. Gitaa la Wema Abdallah bado halina andiko la namna hiyo.

7.0 Hitimisho

Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, na jina lake leo hutajwa zaidi pamoja na dhahabu kuliko pamoja na jambo lolote lingine. Wanaouzungumzia ukanda huo huhesabu tani na mrabaha. Yafaa ikumbukwe kwamba ukanda huohuo, pamoja na Shinyanga, Kahama, Nzega na Tabora, ulikuwa mahali ambapo Kiswahili kilijifunza kuzungumza kwa nyuzi sita, na kwamba mashapo ya mgodi huo wa pili hayajachekechwa.

Mambo matatu yanapendekezwa kwa watafiti. Kwanza, kila wimbo wa dansi unaonukuliwa katika tasnifu uonyeshe mahali ambapo gitaa linaingia, linachukua muda gani na linaitikia mstari upi. Hilo halihitaji ujuzi wa nota, linahitaji sikio na saa. Pili, istilahi za wapigaji wenyewe, kama chemko, ridhim, seko solo na majina ya mitindo, zikusanywe kutoka kwa wanaozitumia kabla hazijazikwa nao. Tatu, pendekezo lililotolewa hapa kuhusu mkazo wa Kiswahili na miishio ya solo lipimwe kwa kulinganisha kanda za Kiswahili na nyimbo za Kisukuma zinazopigwa kwa gitaa. Likithibitika, isimu itakuwa imepata ushahidi mpya. Likikanushwa, angalau gitaa litakuwa limesikilizwa.

Mzee wa Shinyanga anayesikia Western Jazz redioni hangoji maneno yaishe ndipo atikise kichwa. Hutikisa kichwa mwimbaji anaponyamaza na solo inapoingia, kwa sababu hapo ndipo anapojibiwa. Usomi wa Kiswahili unaotaka kumwelewa mzee huyo hauna budi kunyamaza pale anaponyamaza, na kusikiliza pale anaposikiliza.